Maneno Ambayo Sikuyasema

Siku ile Mwaitu Ndinda alipomrudisha Kioko nyumbani naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na harusi yangu ilikuwa na watu wengi na wali wa kutosha.

Nilikuwa nimeolewa majuzi tu. Nilitoka kwetu Masii, ambako nilikuwa nimelelewa nyuma ya kaunta ya duka la baba, nikaletwa huku Mitaboni kwenye miteremko, na mikono yangu haikuwa imeshika kitu kizito kuliko ratili ya sukari. Wakati huo vilima vyote hivi unavyoviona vilikuwa vinachimbwa matuta ya kuzuia udongo usibebwe na mvua, na kazi ilikuwa ya mwethya. Kama wewe ni wa kizazi cha simu labda hujui mwethya ni nini. Ni majirani wanaofanya kazi kwa zamu, leo shambani kwangu, kesho kwako, na kila nyumba inatoa mtu. Sikiliza neno hilo vizuri: mtu. Nyumba haikutoa pesa wala kuku, wala haikutoa udhuru.

Marehemu mume wangu, Mutua, alikuwa na huruma nyingi, Mungu amrehemu. Aliona vile viganja vyangu akaniambia nibaki nyumbani. Akamtuma Kioko, kibarua wetu, mwanamume mwenye mabega mapana na jembe lililonolewa. Mimi nikajipikia chai. Kabla chai haijapoa Kioko akarudi, jembe begani, anacheka peke yake.

"Mwaitu Ndinda amenirudisha," akasema. "Ati mimi ananijua. Anamtaka yule asiyemjua."

Nilienda nimefura kama andazi. Mwaitu Ndinda, Mama Ndinda kwa Kiswahili, ndiye aliyekuwa kiongozi wa mwethya yetu, mama mfupi, ugoro puani, na sauti iliyovuka bonde bila taabu. Nilimwambia, kwa adabu ambayo sikuwa nayo moyoni, kwamba Kioko angechimba mara mbili ya nitakachochimba mimi.

"Najua," akasema. "Hata punda angekushinda. Lakini mvua itakuja kuvunja hili tuta, na siku hiyo nitaita nani? Kioko atakuwa ameenda Katelembo kwa tajiri mwingine. Mimi nataka mtu anayejua hapa chini kuna nini, kwa sababu alikutana nacho na jembe lake mwenyewe."

Kisha akanionyesha kipande changu, akaondoka.

Tuta la huku kwetu linaitwa fanya juu. Unachimba mtaro, na udongo wote unaoutoa unaurusha juu, upande wa mlima, siyo chini. Jaribu siku moja uone. Kurusha chini ni mchezo wa watoto, mteremko wenyewe unakusaidia. Kurusha juu, nusu ya udongo inakurudia usoni. Mikono yangu ilitoka malengelenge, malengelenge yakapasuka, na katikati ya kipande changu nikakutana na jiwe kubwa ambalo halikutaka kusikia habari yangu. Wanawake wenzangu wakanifundisha kulizungushia mawe madogo na kuyashindilia. Nililia. Wale wanawake waliona, wakaimba kwa sauti kubwa zaidi ili kilio changu kisisikike. Jambo hilo nililielewa baadaye, siku hiyo nilidhani wananicheka. Nilimchukia Mwaitu Ndinda kutoka utosini hadi kwenye visigino vyake.

Mvua ndefu ilipofika, tuta letu lilipasuka palepale penye jiwe. Mutua alikuwa kazini Athi River na Kioko alikuwa ameshahama, kama ilivyotabiriwa. Niliamka asubuhi nikaona maji yanapita shambani kwangu yakiwa mekundu, yanabeba mbegu zangu. Sikumwita mtu. Nilijua jiwe liko wapi, nilijua maji yamepita chini yake upande gani, na nilijua mawe madogo yalikaaje. Nililiziba kwa mikono yangu. Mwaitu Ndinda alikuja mchana, akalikanyaga tuta, akalikanyaga tena, kisha akanitemea mate kidogo kifuani, kama wazee wetu wanavyobariki.

Sasa nikuambie kwa nini nimeyafukua haya.

Nina mjukuu anaitwa Mwende, naye huniita Susu, yaani bibi. Ni mtoto wa mwanangu Musyoka, anayefanya kazi kiwandani huko Athi River kama baba yake zamani. Mwende yuko chuo kikuu hapo Machakos mjini, na mwaka jana ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Jumamosi moja akaja kunitembelea na mkate, sukari na majani ya chai. Akaosha vyombo bila kuambiwa. Akafagia hata nyuma ya choo. Nikajua kuna jambo.

"Susu, niko na ombi kidogo," akasema.

"Ombi kidogo halibebewi mkate mkubwa hivyo. Sema."

Akasema, akiangalia sakafu. Alitakiwa kuandika utafiti wa kumalizia masomo, na alichagua kuandika juu yetu, wanawake wa mwethya wa vilima vya Mitaboni, na jinsi tunavyotunza matuta. Nilifurahi kusikia hivyo, sikufichi. Alitakiwa apande huku, aketi na wanawake, awaulize, awasikilize, aandike walichosema. Hakupanda. Alikaa hosteli akaiambia AI, hiyo mashine ya kwenye simu inayoandika ukiiomba, imtungie mazungumzo na wanawake wa Kikamba kuhusu matuta. Ikatunga. Iliwapa majina, umri, hata idadi ya watoto. Mwalimu anayemsimamia akasoma, akampenda sana mama mmoja humo ndani, aliyeitwa Mama K. Akasema kabla hajasaini lazima aje amwone huyo mama na tuta lake. Alikuwa anakuja Alhamisi.

"Na huyo Mama K. ni nani?" nikauliza.

"Hakuna, Susu." Akameza mate. "Nilikuwa nataka wewe ukuwe yeye. Ni maneno kidogo tu. Utasoma mara mbili, utashika."

Akanipa simu. Nikavaa miwani, nikasoma maneno niliyotakiwa kuyajua kwa moyo kabla ya Alhamisi. Nakumbuka mengi yake. Ati sisi wanawake wa Mitaboni tumewezeshwa kikamilifu kupitia ushirikiano endelevu. Ati tunapochimba matuta tunarusha udongo upande wa chini ili mteremko upate uwiano. Ati vijana wetu wanajitokeza kwa wingi kila wiki, na matuta yetu yote ni imara.

Nilicheka mpaka miwani ikateleza puani. Uwiano! Mimi! Na udongo kurushwa chini, jambo ambalo huku hata mtoto wa nasari angekushangaa. Mwende naye akaanza kucheka, akidhani mambo yamekuwa mepesi.

Halafu nikarudia pale pa vijana, na kicheko kikanikauka. Kutoka pale nilipokuwa nimekaa, mlango ukiwa wazi, niliona tuta la jirani yangu Nduku limebomoka tangu mvua iliyopita. Nduku ana nyonga mbovu. Watoto wake wako Syokimau na Mlolongo. Mimi mwenyewe mara ya mwisho kushika jembe la tuta niliinuka kwa kushikilia mti. Hakuna kijana anayejitokeza huku, si kila wiki, si kila mwaka. Mashine ilikuwa imemwambia mwalimu kwamba sisi tuko sawa, na hatuko sawa. Iliniuma sana, mwanangu. Mtu mzima nimekaa kwenye mlima unaomomonyoka, na mjukuu wangu ananiomba nimwambie mgeni kwamba haumomonyoki.

"Siwezi kusema haya," nikamwambia.

"Susu, kila mtu anafanya hivi. Darasa mzima. Ni maneno tu, hakuna mtu ameumia."

"Mimi nimeumia. Umenisemesha na sijafungua mdomo. Ningekuwa nimekufa ningenyamaza, lakini bado nipo, nakupikia chai."

Hapo akaanza kulia, na kilio chake hakikuwa cha uongo. Baba yake alikuwa ameshawaambia wenzake wote kiwandani kwamba binti yake anahitimu. Mbuzi wa sherehe alikuwa ameshachaguliwa na kufungwa kwenye uzio wangu. Akisema ukweli mwalimu hatasaini, na asiposaini, hatavaa gauni la kuhitimu mwaka huo, na huenda chuo kimwadhibu zaidi. Alikuwa na haki ya kuogopa.

Nikwambie wazi, moyo wangu ulitaka kukubali. Musyoka hakumaliza shule. Kila mwezi alijinyima ili huyu msichana amalize. Dakika chache za kusema uongo kwa mgeni mmoja, halafu chai, halafu kwaheri, na kila mtu angefurahi. Nilikaa na wazo hilo mdomoni kama pipi. Kisha nikamkumbuka Kioko akirudi na jembe begani.

Nikamsimulia Mwende kisa hicho, kama nilivyokusimulia wewe. Nikamwambia: "Umemtuma Kioko. Mwalimu wako hakukosa mtu wa kujaza karatasi. Alitaka wewe ukutane na jiwe. Kesho utapata kazi huko kwenye kaunti, utumwe kwenye mlima kama huu, watu wakuulize wafanye nini. Utawaambia warushe udongo chini? Halafu mvua ikija?"

"Sasa nifanye nini, Susu?"

"Alhamisi mlete. Nitampikia muthokoi. Lakini akiniuliza kama nilisema haya, nitamjibu la. Kwa hivyo afadhali ayasikie kwako kabla hajaniuliza mimi. Hiyo ndiyo nafasi ninayokupa, na ni kubwa kuliko unavyodhani."

Aliondoka bila kula. Sikumbembeleza. Nilipomwona anateremka na kamfuko kake nilitamani kumwita, nikauma ulimi nikaingia ndani.

Alhamisi ikafika. Mwalimu alikuja kwa miguu kutoka barabarani, mtu mpole, viatu vimejaa vumbi, anasalimia hata kuku. Mwende alikuwa nyuma yake, uso umempauka. Tukala. Mwalimu akasifu muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, nami nikaona kwamba hasemi tu, kwa sababu aliongeza. Kisha akafuta mikono, akatoa karatasi kwenye mkoba, akaniangalia kwa heshima ambayo sikuistahili.

"Mama," akaanza, "hapa umesema jambo moja ambalo..."

Nilichukua birika nikaanza kummiminia chai polepole, polepole kuliko birika lolote lilivyowahi kumiminwa. Nilikuwa nampa Mwende muda. Nilimwomba Mungu kimya kimya asiniache nimwaibishe mtoto wa mwanangu mbele ya mgeni. Kikombe kilikuwa karibu kufurika.

"Mwalimu, hakusema," Mwende akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Hakuna mtu alisema. Ni AI iliandika yote. Mimi sijawahi kuuliza mtu hata mmoja huku."

Mwalimu akaweka karatasi mezani. Sikuona hasira, niliona mtu aliyechoka, na nikaelewa kwamba huenda haya ameyakuta mara nyingi, isipokuwa hili la kuambiwa na mwanafunzi mwenyewe.

"Ahsante kwa kuniambia," akasema. "Lakini Mwende, siwezi kusaini hii. Na lazima nipeleke jambo hili idarani. Unaelewa?"

"Naelewa."

Hakuna aliyebadilisha mawazo, mwanangu. Sitaki udhani ukisema ukweli mbingu zinafunguka papo hapo. Idara ilimwita, ikamwonya kwa maandishi, ikamwambia arudie utafiti wote. Gauni likapita. Wenzake walipiga picha uwanjani, yeye akaziangalia kwenye simu. Musyoka alikuja kwangu Jumapili baada ya kanisa, akakaa muda bila kuvua kofia, akasema, "Lakini Mama, si ungesema tu?" Nikamjibu, "Nimekulea bila kukudanganyia mwalimu. Nianze leo, uzeeni?" Hakucheka. Ilichukua wiki kadhaa kabla hajanipigia simu tena, na siku hizo zilikuwa ndefu kwangu.

Lakini Mwende alipanda mlima. Alikuja na viatu vya mpira, akakaa kwangu, na kila asubuhi nikawa namtembeza kwa wanawake waliobaki. Kwa Nduku alisukumiwa maswali yeye badala ya kuuliza. Kwingine alipewa jembe kwanza, ndipo akajibiwa, na udongo aliorusha juu ukamrudia usoni. Nilicheka sana siku hiyo, na nikaimba.

Mimi aliniweka mwisho. Tulikaa nje, akawasha simu kurekodi, akaniuliza yale maswali yake yaliyopangwa. Nikajibu vizuri kama mtoto wa shule. Kisha akaacha kuangalia maswali, akaangalia tuta la Nduku lililobomoka, akauliza la kwake.

"Susu, na sisi mbona hamkutuita? Sisi vijana. Mbona hamkutuita mwethya?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Wala mimi sikuwahi kujiuliza. Nilitazama mikono yangu, na machozi yakanitoka nikiwa nimekaa tu.

"Hatukuwaita," nikamwambia, "kwa sababu tuliwaambia msome. Kila mlipotaka kushika jembe tulisema, nendeni mkasome, jembe tuachieni. Tulidhani tunawapenda. Na tuliwapenda."

Mwende hakuandika. Alinishika mkono tukakaa hivyo. Baadaye aliandika, na mwalimu wake akamwambia utafiti wote umesimama juu ya maneno hayo. Maneno hayo hayakuwa ndani ya mashine. Hayakuwa hata ndani yangu, mpaka mtu aliponiuliza akiwa ameketi mbele yangu na matope kwenye viatu.

Basi shika haya, mwanangu, nami sitayarudia. Sikukatazi AI. Mwende bado anaitumia. Inamnyooshea Kiingereza chake, inamfafanulia vitabu vigumu, anagombana nayo, na kila alipoitumia kwenye kazi yake anaandika wazi kwamba aliitumia na kwa nini. Jembe lililonolewa halina kosa. Lakini kazi uliyopewa ili ikufundishe, ifanye wewe. Kama umeambiwa ukaulize watu, nenda ukaulize watu, hata kama mlima ni mrefu na viatu ni vibovu. Usimwekee mtu mdomoni maneno ambayo hakuyasema, kwa sababu huenda umemfunika kilio chake kwa sifa. Pale usipojua, andika kwamba hujui, hutakufa. Jina lako liweke tu juu ya jambo ambalo mtu akija kukuuliza mchana, mbele ya bibi yako, utalitetea bila kutazama sakafu. Na kama umeshakosea, kama karatasi imeshafika kwa mwalimu, mwambie kabla hajauliza. Utapoteza gauni la mwaka mmoja. Mimi nimeona mtu akilipoteza, na nimeona alichorudi nacho.

Yule mbuzi bado yupo. Amenenepa, amekuwa mkorofi, anakula nguo zangu kwenye kamba. Mwende atavaa gauni mwaka huu, Mungu akipenda, na mbuzi huyo hataponea tena. Musyoka ameshaanza kuwaambia watu kazini. Na mwezi uliopita Mwende alikuja na wenzake wa chuo, wachache, makelele mengi, wakashinda kutwa kwenye tuta la Nduku. Hawajui kuchimba hata kidogo. Niliwaonyesha kila mmoja kipande chake, nikaondoka.

Wewe usiye hapa, sogea karibu kwa moyo wako, nikutemee mate kifuani kama nilivyotemewa. Mungu akupe mikono inayojua ilichochimba, na ulimi usiomtuma mwingine mahali pake. Na mvua yako ikija, kwa maana itakuja, ikukute unajua jiwe liko wapi.